Majibu mazuri yasiyoelezwa: kisa cha wenza wenye majibu tofauti ya VVU

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya washauri nasaha, waelimishaji rika na wahudumu wanaowapa wateja majibu ya kipimo cha wingi wa virusi. Umri, kazi, mahali na tarehe vimeondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa matukio umeachwa kama ulivyokuwa. Hapa wataitwa mke na mume.

## Usuli

Mke aligundulika kuwa na VVU akiwa mjamzito, katika hudhurio lake la kwanza kliniki. Kipimo kilirudiwa kwa sampuli ya pili kabla hajaanza dawa, kama utaratibu unavyotaka, na karatasi zote mbili zimo kwenye faili lake. Alianza ARV wiki hiyohiyo. Mtoto alizaliwa salama, akapewa dawa kinga, akanyonyeshwa, na kipimo chake cha mwisho baada ya kuacha ziwa kilionyesha hana maambukizi.

Mume alielezwa mbele ya mshauri. Akapima, akakutwa hana. Hakuondoka, hakugomba, wala hakuuliza mengi. Tangu siku hiyo ushauri ulikuwa mmoja: mke ameze dawa kila siku, mume apime kila mwaka, kondomu itumike kila mara.

Kipimo cha kwanza cha wingi wa virusi, miezi 6 baada ya kuanza dawa, kilionyesha virusi havigunduliki. Cha pili vivyo hivyo, na vyote vilivyofuata, mwaka hadi mwaka, kwa miaka 6. Kila majibu yalipotoka aliambiwa maneno yaleyale: "Vizuri sana dada, endelea hivyohivyo."

Hakuwahi kuambiwa majibu hayo yana maana gani kwa mtu anayelala naye. Alivyoelewa yeye, dawa ilimzuia asiugue, basi. Kuhusu mumewe, aliamini kinachomlinda ni kondomu na bahati. Kwa hiyo aliishi miaka yote hiyo akijiona hatari ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa na taulo lake na beseni lake la kufulia. Akijikata, hata kidogo, alijifungia bafuni mpaka damu ikauke. Mtoto akitaka kumbusu mdomoni, alimgeuzia shavu. Tendo la ndoa likawa la nadra, kisha likawa jambo ambalo wote wawili walilikwepa kwa kusingizia uchovu. Walitamani mtoto wa pili, lakini hawakulizungumza hilo, kwa sababu hawakuona namna ya kumpata bila kumweka mume hatarini.

Nimeanza na hali hii ya nyumbani kwa sababu kwenye ripoti za kituo mteja huyu alihesabika kuwa anaendelea vizuri kabisa.

## Mambo yalivyokwenda

Kazini kwa mume kulifanyika mafunzo ya afya. Mwelimishaji alisema, katikati ya mengine mengi, kwamba mtu mwenye VVU anayetumia dawa vizuri hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Maneno hayo yalimkaa mume kichwani. Hakuuliza palepale, asije akajulikana. Siku alipomsindikiza mkewe kuchukua dawa, alimuuliza mhudumu wa dirishani kama ni kweli. Akajibiwa: "Hayo waachie wataalamu, ndugu yangu. Ninyi tumieni kondomu."

Mhudumu huyo alikuwa anajua. Alipoulizwa baadaye alieleza kwamba mada hiyo alifundishwa, ila hakuona busara kumwambia mtu dirishani, foleni ikiwa ndefu nyuma yake, jambo linaloweza kumfanya aache kondomu usiku huohuo. Nitairudia hofu hii kwenye uchambuzi, kwa sababu ni ya watu wengi na inastahili kujibiwa kwa heshima.

Mume aliondoka na swali lake. Alikuwa na jambo moja lisilopingika: amekaa na mkewe miaka 6, kondomu, kwa maelezo yake mwenyewe, haikutumika kila mara kama faili lilivyosema, na bado hana maambukizi. Maelezo aliyoyasikia kazini yamekataliwa kituoni. Yakabaki mawili ya kujitungia: ama damu yake ni ngumu, ama mkewe hakuwahi kuwa na VVU.

Kipimo cha nyumbani ndicho kilichomfanya achague. Mume alikuwa ameacha kuja kupima, kwa hiyo mke alipewa vipimo viwili vya kujipima ampelekee, kimoja cha kutumia na kingine cha akiba. Ni vile vya mdomoni: unapitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja kwenye wa chini, unakichovya kwenye kichupa chenye majimaji, unasubiri dakika 20. Mume akapima. Mstari mmoja kwenye herufi C, kwenye T patupu. Hana. Kile cha akiba kikabaki mezani. Akamwambia mkewe, "Hebu na wewe." Mke akapitisha kijiti, wakakaa kusubiri pamoja. Mstari mmoja kwenye C. Kwenye T patupu.

Karatasi ya maelezo ndani ya pakiti ilisema kwamba anayetumia ARV anaweza kupata majibu yasiyo sahihi. Hawakuisoma, maana mume alishazoea kupima. Na mke, siku alipokabidhiwa, hakuambiwa kwamba yeye hapaswi kuvitumia.

Walilia, wakashukuru Mungu, kisha wakaingiwa na hasira. Miaka 6 ya vidonge kwa ugonjwa ambao haupo! Wakakubaliana mke aache dawa, wasimwambie mtu, na tarehe ya kliniki ikifika waende kudai maelezo. Kondomu nayo ikaachwa siku hiyohiyo, maana ya nini tena.

Kituoni hakuna aliyejua. Mke alikuwa miongoni mwa wateja wanaopewa dawa za miezi 6 kwa mkupuo kwa kuwa hali zao ni nzuri, na alikuwa amechukua chupa 2 za vidonge 90 mwezi mmoja kabla ya hapo. Tarehe ya kurudi ilipokaribia, mwelimishaji rika alimpigia simu kumkumbusha. Akaja, chupa zote mbili zikiwa kwenye mkoba. Ya kwanza ilikuwa imefunguliwa, ndani mna vidonge 61. Ya pili lakiri yake haijaguswa. Akaziweka mezani akasema, "Nimewarudishia. Mimi siumwi."

## Uamuzi uliofanyika, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa namna ya kumpokea. Anayerudi na dawa ambazo hazijamezwa huwa amejiandaa kufokewa. Mshauri aliyekuwa zamu alimwomba asimulie alichokiona, akamwacha aseme mpaka mwisho bila kumkatiza. Ndipo habari ya kipimo cha mdomoni ikajulikana. Angefokewa, asingeitaja, na kwenye faili pangeandikwa "ameacha dawa, ushauri umetolewa", na chanzo kingebaki palepale.

Uamuzi wa pili: apimwe nini? Mke alitaka kipimo cha haraka cha damu pale pale. Watoa huduma walibishana kidogo. Mmoja aliona apimwe ajionee mwenyewe. Mwingine akasema mtu aliyekwisha kuanzishiwa ARV harudishwi kwenye vipimo vya kingamwili, yaani vinavyotafuta kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi badala ya virusi vyenyewe, kwa kuwa vya namna hiyohiyo ndivyo vilivyomponza. Virusi vikidhibitiwa kwa muda mrefu, mwili wa baadhi ya watu hupunguza kutengeneza kingamwili, na kwenye majimaji ya ufizi kingamwili ni chache kuliko kwenye damu tangu mwanzo. Kipimo kinaweza kuzikosa. Ikaamuliwa vihesabiwe virusi vyenyewe, kwa sababu hesabu hiyo inalijibu swali lake: kama hana VVU, hakutakuwa na cha kuhesabu. Pamoja na hilo zilipimwa CD4 (hesabu ya chembe za kinga), mimba, na homa ya ini ya B, kwa kuwa tenofovir, mojawapo ya dawa zake, hudhibiti virusi vya ugonjwa huo pia na kuikatiza ghafla kunaweza kuuamsha. Hakuwa na mimba, wala homa ya ini.

Uamuzi wa tatu: dawa zianze siku hiyo, au zisubiri majibu ya maabara? Mshauri alifungua faili, akamwonyesha karatasi mbili za mwanzo, sampuli mbili tofauti, jibu lilelile. Kisha akamwambia, "Dada, mimi naamini majibu ya leo yataonyesha virusi vimerudi. Ikionekana nimekosea, dawa utaziacha na hakuna atakayekulaumu. Lakini kama vimo, kila siku tunayosubiri vinaongezeka." Alimeza kidonge mbele yake, akiwa bado hajaamini. Kurudia dawa zilezile za dolutegravir kulionekana kufaa, kwa sababu hapakuwa na historia ya dawa kushindwa kazi. Zilikuwa zimeachwa zote kwa pamoja.

Uamuzi wa nne ulimhusu mume, na huo haukuwa na muda wa kusubiri. Walikuwa wamekutana usiku wa kuamkia jana yake. Dawa za kinga baada ya hatari, yaani PEP, hutolewa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Mkewe ndiye aliyempigia simu, naye akafika jioni. Kipimo cha damu: hana. Ila kwa mtu aliyekuwa hatarini kwa miezi kadhaa jibu la siku moja halitoshi, kwa kuwa maambukizi mapya huweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana kwenye kipimo. Alianza PEP ya siku 28 na kupangiwa vipimo vya kurudia. Ikakubaliwa pia kwamba akimaliza asibaki bila kinga. Aingie moja kwa moja kwenye PrEP, dawa ya kinga kabla ya hatari, mpaka virusi vya mkewe vidhibitiwe kwa uhakika. Njia hii si ya kubahatisha. Nchini Kenya na Uganda, jozi zaidi ya 1,000 za wenza wenye majibu tofauti waliitumia PrEP kama daraja mpaka mwenye VVU atimize miezi 6 ya dawa, na maambukizi yakapungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Majibu ya mke yalitoka wiki iliyofuata: nakala 84,000 kwa kila mililita ya damu.

## Kikao cha wote wawili

Mume alifika amekunja uso. "Miaka yote hiyo sikuambukizwa, leo mnaniambia alikuwa navyo?"

Mshauri hakuhutubia. Alichukua karatasi akachora safu mbili. Kushoto aliandika tarehe za vipimo vya mke na wingi wa virusi, kulia tarehe za vipimo vya mume na majibu yake. Mstari baada ya mstari, kushoto "havigunduliki", kulia "hana". Mstari wa mwisho kushoto ukasomeka 84,000. Kulia aliandika majibu ya siku ile, akaweka alama ya kuuliza pembeni. "Hili," akasema, "bado hatuna uhakika nalo."

Mume aliitazama ile karatasi kwa muda. Kisha akauliza: "Kwa hiyo vidonge vyake ndivyo vilivyokuwa vinanilinda mimi?"

Ndivyo. Akaelezwa kwamba dawa huzuia virusi visizaliane, na visipozaliana hupungua kwenye damu na kwenye majimaji ya uzazi mpaka vinakosa wingi wa kumwambukiza mtu kwa ngono. Mke naye alikuwa na swali lake: kama vilikuwa havigunduliki, hivi 84,000 vimetoka wapi? Jibu ni kwamba sehemu ndogo ya virusi hujificha ndani ya baadhi ya chembe za kinga na kulala humo, kama mbegu inavyokaa ardhini kiangazi chote. Dawa zilizopo haziwezi kuving'oa vile vilivyolala. Zinaweza kuhakikisha tu kwamba vinavyoamka havizai. Mtu akiacha dawa, kwa kawaida virusi huanza kuonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache, hata kama alizimeza kwa miaka mingi.

Kisha mume akauliza swali zito kuliko yote: "Haya mmeyajua lini?"

Alistahili jibu la kweli, na alipewa. Januari 2008 tume ya wataalamu wa UKIMWI ya Uswisi ilitamka hadharani kwamba mtu anayetumia dawa ipasavyo na ambaye virusi vyake vimedhibitiwa hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Wengi waliipinga, wakisema ushahidi ni mdogo. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya awali ya utafiti uitwao HPTN 052, uliofuatilia jozi 1,763 za wenza wenye majibu tofauti katika nchi 9, zikiwamo Kenya, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenza kwa asilimia 96. Ripoti ya mwisho ya 2016 haikukuta hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake wakati virusi vya mwenza huyo vikiwa vimedhibitiwa kwa uthabiti. Mwaka huohuo utafiti wa PARTNER wa nchi za Ulaya ulihesabu matendo ya ngono bila kondomu yapatayo 58,000 kati ya wenza wa aina hii. Maambukizi kutoka kwa mwenza yalikuwa sifuri. Awamu yake ya pili, 2019, ilihusu wenza ambao wote wawili ni wanaume, matendo karibu 76,000, na jibu likawa sifuri tena. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaandika wazi kwamba mtu ambaye virusi vyake havigunduliki hana hatari ya kumwambukiza mwenza wake kwa ngono, na kwamba virusi vinapogundulika lakini havizidi 1,000 kwa mililita hatari iko karibu na sifuri.

Mume akahesabu miaka kichwani. Sehemu kubwa ya mambo hayo ilikuwa imekwisha chapishwa siku mkewe alipopata majibu yake ya kwanza mazuri.

## Matokeo

Baada ya miezi 3 virusi vya mke vilikuwa chini ya 50. Baada ya miezi 6, vilevile. Mume alimaliza PEP, akaingia kwenye PrEP bila kukatiza, na vipimo vyake vyote, hata vya miezi mingi baadaye, vilionyesha hana maambukizi. PrEP aliiacha kwa hiari yake baada ya majibu ya pili ya mkewe. Kondomu waliacha kuitumia kwa makubaliano, safari hii wakijua wanachokifanya.

Hapo nataka kuwa mwangalifu. Mume kubaki salama kwa ile miezi 5 hakuthibitishi chochote kuhusu usalama wa kuacha dawa. Mtu mwenye virusi 84,000 anaweza kuambukiza, na wenza wengine walio katika hali hiyohiyo hawatoki salama. Kisa hiki kisitumike kumwambia mteja yeyote kwamba "mbona fulani hakupata".

## Uchambuzi

Kosa halikuanzia kwenye kipimo cha mdomoni. Lilitangulia kwa miaka. Mume alikuwa na jambo linalodai maelezo: niko salama, kwa nini? Hakuna anayeweza kuishi na swali kama hilo akaliacha likae hivyo. Asipopewa jibu la kweli atajitungia la kwake, na ataliamini kuliko ushauri wowote kwa kuwa linalingana na anachokiona kwa macho yake. Baadhi ya waliomhudumia walimwita mbishi. Mimi simwoni hivyo. Kwa kile alichokijua alifikiri sawasawa. Kilichopungua kilikuwa mikononi mwa watu wengine, nao wakakizuia.

Nirudi kwa mhudumu wa dirishani na hofu ya kondomu kuachwa. Ina msingi. ARV hazizuii kaswende wala kisonono, na hazizuii mimba. Kuna mteja aliyeanza dawa juzi, kuna anayeruka siku, kuna ambaye majibu yake ya mwisho ni ya zamani mno. Katika HPTN 052 maambukizi machache yaliyotoka kwa wenza waliokwisha kuanza dawa yalitokea ama mwanzoni, virusi vikiwa bado havijashuka, ama baadaye dawa zilipokuwa zimeshindwa. Yote hayo ni sababu za kueleza masharti, tena kwa kina. Sioni hata moja inayohalalisha kunyamaza. Maana tazama kilichotokea: kondomu iliachwa kweli, na iliachwa katika kipindi kibaya kuliko vyote, wakati virusi vikipanda. Ukimya ndio uliofikisha hapo. Kama jibu la dirishani lingekuwa "ndiyo, ni kweli, na ni kwa sababu ya hivi vidonge anavyochukua leo", mume huyo angekuwa wa kwanza kumkumbusha mkewe kumeza, kwa kuwa afya yake mwenyewe ingekuwa imo ndani ya chupa ile.

Mwelimishaji wa kazini alifanya jambo jema, lakini alilifanya nusu. "Anayetumia dawa vizuri" ni maneno ambayo kila mtu huyapima kwa kipimo chake. Kinachozuia maambukizi ni virusi kuwa vimeshuka na kubaki vimeshuka, na hilo linajulikana kwa kipimo cha maabara, halijulikani kwa sura ya mtu wala kwa bidii yake ya kufika kliniki. Palihitaji sentensi mbili zaidi: kwamba huchukua hadi miezi 6 kwa dawa kufikia hapo, na kwamba ulinzi hudumu kadiri dawa inavyoendelea kumezwa. Ningeongeza jambo moja ambalo wahudumu huliona gumu kulitamka mbele ya wenza. Katika awamu ya kwanza ya PARTNER watu 11 walipata VVU wakati wa utafiti, lakini vinasaba vya virusi vikaonyesha havikutoka kwa wenza wao wa utafiti. Dawa za mkeo zinakulinda dhidi ya virusi vya mkeo. Virusi vya mtu mwingine ni habari nyingine, na mume anatakiwa kulisikia hilo kwa lugha ya wazi na yenye staha.

Kuhusu vipimo vya kujipima, dosari ilikuwa katika kukabidhi. Kumpa mteja kipimo ampelekee mwenza wake ni mpango mzuri, unawafikia wanaume ambao hawaji kituoni. Lakini anayekibeba ndiye mtu ambaye kipimo hicho hakimfai, na hakuna aliyemwambia. Sasa mtoa kipimo huandika kwa kalamu juu ya pakiti: "Si kwa anayetumia ARV", na humweleza mteja sababu. Sababu ni muhimu kuliko katazo, kwa sababu mtu akikatazwa bila kuelezwa atakijaribu siku moja, kwa udadisi tu.

Baada ya tukio lilitolewa pendekezo la kuacha kuwapa wateja dawa za miezi 6. Nililipinga na bado nalipinga. Dawa za muda mrefu huwapunguzia watu safari, gharama na macho ya watu, na huyu mke angeweza kuacha dawa hata kama angepewa za mwezi mmoja. Kituo kingejua mapema zaidi, ni kweli, lakini sababu ya kuacha ingebaki. Yeye mwenyewe aliwekwa kwenye ratiba ya karibu mpaka virusi viliposhuka, kisha akarudishwa kwenye miezi 6.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ile karatasi ya safu mbili. Takwimu za Ulaya na za nchi 9 zilimsaidia mume kujua kwamba hadanganywi, lakini kilichomgeuza ni majibu yake mwenyewe yamepangwa pembeni ya majibu ya mkewe. Aliomba aichukue. Wenza wengi wenye majibu tofauti wana historia kama hiyo kwenye mafaili mawili ambayo hayajawahi kuwekwa meza moja. Kupanga safu hizo, kwa idhini ya wote wawili, hakuhitaji fedha wala mashine.

Ambalo halikwisha ni la mke. Mume aliamini ndani ya wiki chache. Mke, ambaye virusi vyake vilishuka haraka kiasi cha kushangaza, alikaa miezi kabla ya kutumia taulo moja na wengine, ingawa hata mtu asiyetumia dawa haambukizi kwa taulo. Katika kikao cha ufuatiliaji alisema jambo ambalo ningependa kila anayetoa majibu alisikie: "Mnasema ingefaa kumwambia ili asihangaike. Na mimi je? Mimi ndiye niliyekuwa naogopa." Mazungumzo yetu yote kuhusu tiba kama kinga huelekezwa kwa yule asiye na VVU, kana kwamba yeye peke yake ndiye mwenye cha kupoteza. Huyu mama alipoteza miaka ya kumkumbatia mumewe na kubusiwa na mtoto wake, na hakuna dawa ya kumrudishia. Hakuhitaji ruhusa ya mtu ili ajue maana ya majibu ya damu yake.

Tangu hapo majibu hutolewa hivi, kwa maneno yasiyobadilishwa sana: "Virusi havigunduliki. Maana yake dawa inakulinda wewe, na kwa njia ya ngono humwambukizi mwenzako. Hujapona, virusi vimelala. Ukiacha dawa vitarudi ndani ya wiki chache na utaweza kuambukiza tena." Kisha mteja huombwa arudie kwa maneno yake mwenyewe, na akiweza, siku nyingine aje na mwenza wake arudie mbele yake. Huchukua dakika chache, foleni ikiwapo au isiwepo.

Wenza hawa walirudi baadaye na swali la mtoto wa pili. Kwa kubeba mimba jibu lilikuwa rahisi, kwa kuwa virusi vya mke havikugundulika mara mbili mfululizo. Kwa kunyonyesha walielezwa kwamba ile kauli ya ngono haihamii huko kama ilivyo: mama akiwa kwenye dawa hatari ya kumwambukiza mtoto kwa maziwa ni ndogo sana, chini ya asilimia 1 katika utafiti mkubwa wa PROMISE, lakini haijathibitika kuwa sifuri. Kwa hiyo mtoto atapewa dawa kinga na kupimwa kwa ratiba mpaka baada ya kuacha ziwa, na mama atapimwa wingi wa virusi mara nyingi zaidi kipindi chote hicho. Mke aliuliza kama mumewe anaweza kuwepo siku za majibu hayo. Jina lake limeandikwa kwenye kadi ya miadi.